Maktaba, Toleo na Kosa: Maoni Juu ya Rasimu ya Mwongozo wa Vyeti vya Usalama

Tumeletewa rasimu ya mwongozo uliofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya mafundi wanaotunza kompyuta katika ofisi za umma. Mwongozo huo washughulikia jambo moja tu: fundi afanye nini pale kompyuta inapokataa kutengeneza cheti cha usalama kwa sababu programu ya kukitengeneza na mafaili inayoyategemea ni ya nyakati mbili tofauti. Kwa asiyehusika jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini ofisi ambayo cheti chake kimekwisha muda hujikuta haiwezi kupokea maombi ya wananchi kwa njia ya mtandao, na wananchi hao hurudi kupanga foleni dirishani. Kwa hiyo rasimu hii yastahili kusomwa kwa makini kabla ya kupigwa chapa.

Yafaa tuanze kwa kumpa mfasiri haki yake. Sarufi yake ni safi, sentensi zake zaenda kwa mwendo wa Kiswahili, na hakukimbilia kuyaacha maneno ya Kiingereza palepale alipoyakuta, kama wafanyavyo wengi. Karibu kila istilahi aliyoichagua imekwisha kutumiwa na wengine kabla yake. Tatizo letu si neno hili wala lile. Tatizo ni kwamba maneno manne, kila moja likiwa zuri likiwa peke yake, yamekutanishwa katika sentensi moja na kuzaa maana ambayo hakuna aliyeikusudia.

Hatuwezi kuyapima maneno hayo bila kwanza kuieleza kazi yenyewe. Cheti cha usalama ni faili fupi lisemalo kwamba ufunguo fulani wa wazi ni mali ya ofisi fulani. Umbo lake limewekwa na kiwango kiitwacho X.509, kilichotangazwa mara ya kwanza mwaka 1988. Fundi hutengeneza funguo mbili zinazokwenda pamoja, mmoja wa siri na mmoja wa wazi. Ule wa siri haupasi kumtoka mkononi. Ule wa wazi huuweka ndani ya ombi, na ombi hilo hupelekwa kwa mamlaka ya vyeti, ambayo ikiridhika hutengeneza cheti chenye ufunguo huo na kukitia saini yake. Cheti kikirudi chamfaa tu yule mwenye ufunguo wa siri wa mwanzo. Ufunguo huo ukifutwa, cheti kilichotiwa saini hakina kazi tena.

Katika kompyuta nyingi zitumiazo mfumo wa Linux kazi hii hufanywa na programu iitwayo OpenSSL, iliyopata jina hilo mwaka 1998. Programu yenyewe ni ndogo. Hesabu nzito zimo katika mafaili mawili yaliyo kando, libcrypto na libssl, nayo hayatumiwi na programu hiyo peke yake. Programu za kuingilia kompyuta ya mbali, za kuhudumia kurasa za mtandao, na nyingine nyingi, huyaita mafaili hayohayo kila zinapoanza kazi. Ni mfano wa nyumba ya kupanga yenye jiko la pamoja. Mwenye nyumba akilitengeneza jiko, wapangaji wote hufaidika siku hiyohiyo. Ndivyo ilivyokuwa Aprili 2014, ilipotangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed: palipobadilishwa faili la libssl na programu zikaanzishwa upya, zote zilizolitegemea zilipona kwa mara moja. Lakini mwenye nyumba huyohuyo akiondoa mafiga na kuweka jiko la gesi, mpangaji ambaye chungu chake kilifinyangwa kwa mafiga matatu atalala na njaa, ingawa jiko ni jipya na moto upo.

Hayo ndiyo yaliyotokea mara kwa mara katika miaka ya karibuni. Toleo 1.1.0 la OpenSSL, la Agosti 2016, liliyaficha maungo ya ndani ambayo programu za zamani zilikuwa zimezoea kuyashika moja kwa moja, na programu hizo hazikuweza kwenda nalo bila kurekebishwa. Toleo 3.0 likafuata Septemba 2021, na faili lililoitwa libcrypto.so.1.1 likawa libcrypto.so.3. Ubuntu 22.04, ya Aprili 2022, ilikuja na mfululizo wa 3 peke yake. Septemba 2023 mfululizo wa 1.1.1 ukafikia mwisho wa kutunzwa bila malipo. Ofisi nyingi zilihama kwa haraka, na mafundi wengi walijenga programu mpya kwa mikono yao na kuiweka kando ya ile ya zamani, kila moja na saraka yake. Kompyuta ikiitwa, huchukua programu kutoka saraka hii na mafaili kutoka saraka ile. Hapo ndipo ujumbe wa hitilafu unapotokea.

Basi tuitazame sentensi ambayo rasimu imeiweka mahali pa ujumbe huo. Yasema: "Kosa la toleo katika kuzalisha cheti: toleo la maktaba ya shirika halilingani na toleo lililotolewa." Tunamwomba msomaji airudie mara ya pili, kisha ajiulize angefanya nini kama angeikuta katika kioo cha kompyuta saa tatu ya asubuhi, mkuu wake akiwa amesimama nyuma ya kiti.

Tumeelezwa habari ya fundi mmoja, katika ofisi ambayo hatuna haja ya kuitaja, aliyekutana na maneno ya namna hiyohiyo. Yeye alielewa kwamba cheti kilichotolewa na mamlaka ndicho chenye kasoro. Akafuta kila kitu, pamoja na ufunguo wa siri, akaanza upya. Kompyuta ikakataa tena, kwa kuwa kasoro haikuwa katika cheti hata kidogo. Na cheti kingine kilichokuwa njiani, kimekwisha kutiwa saini, kikafika na kukuta ufunguo wake haupo. Hatudhani kwamba fundi huyo alikuwa mzembe. Alisoma Kiswahili kama Kiswahili kinavyosomwa.

Tazama neno "toleo". Asili yake ni kutoa. Kwa muda mrefu limetumika kwa chapisho la gazeti au jarida, na hata robo hii ya mwaka msomaji analo toleo letu mkononi. Limetumika pia kwa chapa ya kitabu, na wataalamu wa kompyuta wakalichukua kwa ile hali ya programu iliyopewa namba yake ili itofautishwe na zilizotangulia. Hatuna ugomvi na matumizi hayo. Yamekwisha kuenea, na kuyang'oa sasa ni kuwapotezea walimu wakati. Lakini cheti nacho, katika Kiswahili cha kila siku, hutolewa. Cheti cha kuzaliwa hutolewa, cheti cha shule hutolewa. Kwa hiyo katika habari za vyeti peke yake, kuliko pengine popote, "toleo lililotolewa" haliwezi kusomwa bila kumfikiria mtoaji wa cheti. Mfasiri alikusudia toleo la faili ambalo programu ilijengwa kwalo. Msomaji alipata cheti kilichotoka kwa mamlaka. Na kana kwamba hayo hayatoshi, vyeti vya X.509 vyenyewe vina namba ya toleo, nacho kinachotumika siku hizi ni cha toleo la 3. Nayo OpenSSL ina mfululizo wa 3! Fundi aonaye "toleo 3" ana njia tatu mbele yake, na mbili kati ya hizo zampeleka porini.

Maoni yetu ni kwamba, katika miongozo ya namna hii, "toleo" liachiwe programu na maktaba zake, na "kutoa" kuondolewe kabisa katika habari za cheti. Mamlaka haitoi cheti kama mtu atoavyo sadaka. Kitendo chake chenye maana ni kukitia saini. Basi isemwe "cheti kilichotiwa saini na mamlaka fulani". Tunajua kwamba karani atakayemwandikia mwananchi barua ataendelea kusema cheti kimetolewa, wala hatumkatazi. Barua ina nafasi ya kujieleza. Ujumbe wa hitilafu una mstari mmoja.

Juu ya "maktaba" tumesikia ubishi mwingi, na hatupendi kuurefusha. Wapo wasemao kwamba neno hili litamfanya msomaji afikirie rafu na vitabu. Huenda, kwa siku ya kwanza. Waarabu, ambao ndio asili ya neno hili kwetu, hulitumia vilevile kwa mafaili ya programu. Wafaransa nao husema bibliothèque, na wahariri wao huwasahihisha wale waandikao librairie, ambalo kwa Kifaransa ni duka la vitabu. Maktaba itufae.

Lililotushtua ni "maktaba ya shirika". Mfasiri alitaka kusema maktaba inayoshirikiwa na programu nyingi, lakini kwa mtumishi wa umma shirika ni shirika: la reli, la umeme, la nyumba. Aambiwaye kwamba maktaba ya shirika ina kasoro atauliza ni shirika gani, na pengine ataliandikia barua. Mahali pengine rasimu imetumia "maktaba shirikishi", nalo si bora. Umbo hilo ni la kumfanya mwingine ashiriki, kama tusemavyo uongozi shirikishi. Faili la libcrypto halimshirikishi mtu. Kwa nini tusiseme "maktaba ya pamoja"? Kila mpangaji ajua jiko la pamoja na bomba la pamoja ni nini, na ajua pia matata yake.

Tumefika kwenye neno ambalo twadhani limeleta hasara kubwa kuliko yote, ingawa ndilo lionekanalo kuwa halina lawama. Nalo ni "halilingani". Kulingana ni kuwa sawa: kwa kimo, kwa uzito, kwa hesabu. Fundi aambiwaye kwamba vitu viwili havilingani atajitahidi kuvilinganisha. Naye anayo njia rahisi ya kufanya hivyo, njia ambayo twasikitika kusema kwamba imeenea: akiona programu inatafuta libssl.so.1.1 na yeye analo libssl.so.3, hutengeneza kiungo kinachompa faili la pili jina la kwanza. Majina sasa yanalingana. Programu yalikuta faili, yalifungua, na papo hapo yakataa kwa ujumbe mwingine usemao kwamba ndani yake haikukuta alama ya toleo iliyoitaka. Jina la chungu limebadilishwa na chungu ni kilekile.

Tena usawa hautakiwi hata kidogo. Programu iliyojengwa kwa maktaba ya toleo 3.0 yaenda vizuri na maktaba ya matoleo yaliyofuata katika mfululizo huohuo, ingawa namba hazilingani. Kinyume chake si kweli: iliyojengwa kwa 3.2 huenda ikagoma ikikuta 3.0, kwa sababu yatafuta kitu ambacho wakati ule kilikuwa hakijatungwa. Mpya yamtumikia mkongwe. Mkongwe hawezi kumtumikia mpya. Hapa Kiswahili kina neno la siku nyingi, "kuchukuana", lisemwalo kwa nguo na kiatu, kwa kitasa na mlango. Vitu huchukuana bila kuwa sawa. Wengine watapendekeza "kupatana", lakini hilo lafaa zaidi kwa watu waliogombana. Twakiri kwamba hata "kuchukuana", kwa kiambishi chake cha kutendana, ladokeza kwamba pande mbili zina hali moja, na tumekwisha kuona kwamba hazina. Kwa sababu hiyo neno pekee halitoshi, na ujumbe wapasa kutaja ipi ni ya zamani.

"Kosa" tutalipitia upesi. Kosa lina mkosaji. Katika ofisi ambamo neno hilo husikika zaidi katika barua za nidhamu, kompyuta imwambiayo mtumishi "kosa" humfanya afiche karatasi badala ya kumwita mwenzake. Tunalo "hitilafu", ambalo katika Kiarabu asili yake ni tofauti, mambo mawili kutokwenda sawa. Kwa habari tunayoizungumza ni vigumu kupata neno lililokaa vizuri zaidi. Na "kuzalisha" cheti? Viwanda huzalisha. Fundi hutengeneza.

Athari ya maneno haya haikuishia katika sentensi moja. Imeupotosha mpangilio wa mwongozo mzima. Kwa kuwa ujumbe wasomeka kama lawama juu ya cheti, hatua ya kwanza iliyopendekezwa ni kuomba cheti upya, na uchunguzi wa maktaba umewekwa mwishoni kabisa. Yapasa kuwa kinyume. Fundi aanze kwa kuiuliza programu yenyewe, kwa amri "openssl version". Katika mfululizo wa 3, ikiwa itaamka, huandika toleo lake, kisha ndani ya mabano toleo la maktaba iliyoikuta. Yakitofautiana, amekwisha kuujua ugonjwa. Ikikataa kuamka, atumie amri "ldd" juu ya faili la programu, naye ataonyeshwa kila maktaba na saraka ilimotoka. Hapo ndipo atakapoona, mara nyingi, programu ya /usr/local imeshikana na maktaba ya saraka nyingine. Atazame kama kuna mtu aliyeacha njia ya zamani katika LD_LIBRARY_PATH, na kama baada ya kuweka maktaba mpya amri "ldconfig" iliendeshwa ili orodha ya mfumo ijue kwamba maktaba hiyo ipo. Dawa iliyo salama ni kuweka upya programu na maktaba zake kutoka hazina moja ya mfumo huo, zikiwa jozi, wala si kubadili majina. Na katika hatua zote hizo ufunguo wa siri usiguswe.

Tumeona pia kwamba mfasiri, kwa bidii yake, ameyafasiri hata majina ya mafaili. Mahali pa libcrypto ameandika "maktaba-fiche". Hilo halikubaliki. Jina la faili ni kama namba ya nyumba. Fundi atakayelitafuta jina la "maktaba-fiche" katika kompyuta hatalipata mpaka astaafu. Majina ya mafaili na amri yabaki yalivyo. Tungekwenda mbali zaidi na kupendekeza kwamba ujumbe wa asili, kwa lugha yake ya asili, uwekwe chini ya ule wa Kiswahili kwa herufi ndogo, kwa kuwa fundi atautafuta kwa maneno yaleyale katika vitabu na kwa wenzake. Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kuidharau lugha yetu. Sisi hatuoni hivyo. Daktari humweleza mgonjwa maradhi kwa Kiswahili, na katika cheti cha dawa huandika jina ambalo mwenye duka la dawa atalitambua.

Baraza limekuwa likichapisha orodha za Tafsiri Sanifu tangu miaka ya 1970, na faida yake kwa walimu na wafasiri haina kifani. Lakini orodha huliweka kila neno katika mstari wake, mbali na jirani zake. "Toleo" na "kutoa cheti" zaweza kukaa katika kurasa mbili za orodha moja kwa miaka mingi bila kugombana, kwa sababu hazijawahi kukutana. Hukutana katika kioo cha kompyuta. Kwa hiyo twapendekeza kwamba istilahi za fani hii zisipitishwe mpaka zimetungiwa sentensi, na sentensi hizo zisomwe na fundi ambaye hakuwapo katika kamati, naye aulizwe swali moja: sasa utafanya nini? Jibu lake ndilo lipimwe.

Kwa mfano tu, tumeijaribu sentensi ya rasimu kwa namna hii: "Hitilafu: programu hii ilijengwa kwa maktaba ya pamoja ya toleo 3.2, lakini maktaba iliyopatikana ni ya toleo 3.0, nayo ni ya zamani mno. Hazichukuani. Cheti hakikutengenezwa. Ufunguo wa siri haukuguswa." Ni ndefu kuliko ya asili. Watengenezaji wa programu watalalamika kwamba haitoshi katika nafasi waliyoitenga, na huenda wakawa na haki. Wakitulazimisha kukata, tutakata kila kitu kabla ya kukata maneno ya mwisho.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo sisi wenyewe. Maktaba ikikosa kazi fulani ambayo programu yaiita, ujumbe wa asili husema kwamba kitu fulani hakikufasiliwa, na rasimu imekiita kitu hicho "alama". Hatuioni alama yoyote hapo. Kilichokosekana ni jina la kazi, ambalo programu imelitaja na maktaba hailijui. "Jina halimo katika maktaba" yasomeka vizuri, lakini "jina" lina kazi nyingi mno tayari, likiwamo jina la faili na jina la mwenye cheti. Wasomaji wenye pendekezo waliandike pamoja na sentensi yake nzima, na walitume kwa mhariri kabla rasimu haijarudishwa kwa mfasiri.